Mtani na Namba ya Kiwandani

Siku ya kuanua matanga ya Mzee Misigalo, Mwanaidi Pazi aliingia msibani amevaa viatu vya marehemu, kofia ya marehemu na koti la marehemu la kurinia asali, tena anachechemea mguu wa kushoto vilevile alivyokuwa akichechemea marehemu. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele aliachia ungo. Wengine walishika vifua. Halafu wakakumbuka kwamba huyu ni Mzaramo, hapa ni Isangalala, Unyamwezini, na mtani msibani ana ruhusa zake.

"Mmelia kidogo!" alifoka Mwanaidi kwa sauti ya marehemu, ile ya kukwaruza kama jembe juu ya changarawe. "Nimelala kule kaburini nimetega sikio, kimya! Nikasema labda wamenizika kijiji kingine!"

Uwanja ukaangua kicheko. Bibi Kalunde, mjane mwenyewe, alikuwa amekaa mkekani kanyoosha miguu. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na hakuna aliyejua anafuta kilio au kicheko.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita Mwanaidi tangu siku ya kwanza, "hebu weka hayo makelele pembeni. Njoo ndani. Lile dude lako limegoma."

Dude lenyewe lilikuwa sefu ya bunduki, na ni kweli lilikuwa la Mwanaidi kwa namna fulani, kwa sababu ndiye aliyeliuza. Tembo waliporudi kwa wingi na serikali ikaruhusu wakulima wenye leseni kumiliki bunduki za kulinda mashamba, ilikuja pia sheria kwamba kila bunduki ilale kwenye sefu. Kampuni ya Komeo ikaleta sefu zake, na Mwanaidi akawa wakala wake pale kijijini. Mwenye bunduki akifa, silaha inarudi kituoni. Hiyo ni sheria. Watu wa Isangalala wakaongeza ya kwao: matanga hayaanuliwi bunduki ya marehemu ikiwa bado imefungiwa, maana ni kama mwenyewe hajamaliza kuondoka.

Na Misigalo alikuwa wa kwanza kufa kati ya wote aliowauzia.

Sefu ilisimama kwenye kona ya chumba cha ndani, nyeusi, urefu wake mpaka kifuani. Mwanaidi aliisogelea kwa kuchechemea, akakohoa kikohozi cha Misigalo cha asubuhi, kile cha mara mbili na mguno.

Taa ya kijani ikawaka. "Karibu, Mzee Misigalo," ilisema sefu. "Umepotea sana."

Komeo la kwanza likaachia, *tak*. Bibi Kalunde akapiga yowe dogo na kujiziba mdomo.

"Usishtuke," alisema Mwanaidi, ingawa yeye mwenyewe nywele zilimsisimka. "La kwanza linasikia sauti na hatua tu. Kazi iko kwa la pili."

"Weka kiganja, Mzee," ilisema sefu.

Mwanaidi akaweka chake. Komeo la pili lilisoma mishipa ya damu iliyo hai, inayopiga, na hapo hata mtani mwenye kipaji hana ujanja.

"Kiganja hiki si chako, Mzee," ilisema sefu kwa adabu. "Jaribu tena ukiwa umetulia."

"Mwambie hatatulia zaidi ya pale alipo," alisema Bibi Kalunde, na safari hii wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega.

* * *

Mwanaidi alikwenda kupiga simu nyuma ya nyumba, kwenye mizinga ya Misigalo. Ilikuwa mizinga ya kisasa, ile inayotuma ujumbe yenyewe ikijaa asali, lakini Misigalo hakuwahi kuuamini ujumbe wake hata mara moja. Alikuwa akibandika sikio kwenye ubao na kusikiliza.

"Komeo, huduma kwa wateja. Unaongea na Thadei Ndahani, nikusaidie nini?"

"Ndahani? Wa Dodoma wewe?"

"Wa Mpwapwa, dada." Sauti ilikuwa ya kijana mchangamfu.

Mwanaidi akaliweka hilo akibani, maana Wagogo na Wanyamwezi nao ni watani tangu zama za misafara, na jambo la namna hiyo halitupwi. Akajitambulisha, akaeleza shida yake.

"Poleni sana kwa msiba. Ngoja niiangalie." Vibonyezo vikasikika vikigongwa. "Eeh, naiona. Bunduki ipo, imesimama. Chupa mbili za asali. Na kitambaa chekundu, kimekunjwa vizuri."

Mwanaidi akadhani hakusikia vizuri. "Unakionaje?"

"Kuna jicho, dada. Kadogo tu, kwenye bawaba. Ni la usalama."

"Na mnasikia?"

"Sasa isiposikia, itamjuaje mwenyewe?" Thadei akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayechoshwa na zamu yake na amepata wa kuzungumza naye. "Wee, tunaona mengi huku. Hapohapo kwenu kuna mmoja anaficha meno ya bandia mle ndani. Bunduki kaisukuma pembeni, meno kayaweka katikati, kayatandikia na kitambaa!"

Mwanaidi alijua palepale ni nani, kwa sababu ni mtu mmoja tu Isangalala anayekuwa na meno siku za mkutano wa wilaya na siku nyingine hana. Siku yoyote nyingine angegaragara chini kwa kicheko. Leo kicheko kilifika kooni kikarudi.

"Haya, unaifunguaje?" aliuliza.

"Rahisi. Ipo namba ya kiwandani. Nakutumia sasa hivi, unaibonyeza tu. Ila usiiache ovyo, dada, ni ya toleo zima."

"Toleo zima maana yake nini?"

"Maana yake sefu zote ulizouza hapo kijijini. Hiyohiyo moja inafungua yoyote. Waambie betri ilileta hitilafu, ikajifungua. Mawakala wote husema hivyo." Akaongeza kwa upole, "Na kuna maneno mzee ameyaacha, yatasema yenyewe mlango ukifunguka. Mazuri kweli. Nikurushie uyasikilize?"

Mwanaidi alimpenda sana yule mzee. Kwa nusu sekunde ulimi ulitaka kusema ndiyo.

"Usithubutu," alisema. "Hukutumiwa wewe, wala sikutumiwa mimi. Nijibu hili tu: namba hiyo inafutika?"

Kule upande wa pili, uchangamfu ukapotea. "Hilo naomba nisilijibu, dada. Simu zetu zinasikilizwa."

"Kumbe kusikilizwa kunauma, eeh?" alisema Mwanaidi, akakata simu.

Namba ikaingia. Tarakimu sita. Akaisoma mara moja, na hiyo ndiyo shida ya namba: ukishaiona huwezi kuirudisha ilikotoka.

Alikaa juu ya gogo kati ya mizinga, viatu vya Misigalo vikimpwaya. Kila nyumba aliyouza sefu aliingia na mchezo uleule. Anaomba kitu cha mwenye nyumba, simu au bakora, anakifungia ndani, kisha anasema: "Sasa hata mimi siwezi. Hata kiwanda hakiwezi. Ni wewe tu." Watu wanapiga makofi. Mwanaidi huyu aliwahi kuwaaminisha watu wa kijiji kizima kwamba malori yasiyo na dereva hula mbuzi, na wakaficha mbuzi. Aliwahi kutangaza harusi ya mganga wa zahanati kabla mganga hajapata mchumba. Alikuwa na sheria moja katika utani wake: aliyedanganywa lazima acheke mwishoni, asipocheka huo si utani tena, ni wizi. Na kati ya yote aliyowahi kuwaambia, hili la sefu ndilo alilolisema bila utani.

Sasa alikuwa amekaa na funguo za nyumba zao zote kichwani, na wao hawajui.

* * *

Alianza kumwambia Bibi Kalunde kwanza, chumbani, mlango umefungwa. Kisha akakumbuka, akamvuta bibi wa watu mpaka nyuma ya nyumba na kumwambia huko, mbali na sikio la sefu.

Bibi Kalunde alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Kila asubuhi alikuwa anaingia mle," alisema. "Anafunga mlango, anaongea. Na bunduki, na sefu, na Mungu, mimi sijui. Nasikia mvumo tu. Miaka yote hiyo mimi mkewe sikutega sikio, mke mwenzangu. Nilisema, mwache, kila mtu ana chumba chake moyoni. Kumbe mtu wa mjini ametega!"

"Ndiyo nataka niwaambie watu."

"Waambie, halafu?" Bibi Kalunde alimkazia macho. "Unawajua hawa. Ukisema leo, bunduki zote zitalala chini ya vitanda. Umesahau paa la ofisi ya kijiji?"

Mwanaidi hakusahau. Kabla ya sefu, mjukuu wa Shija aliitoa bunduki ya babu yake uvunguni akaenda kucheza nayo mkutanoni. Tundu lilikuwa bado liko kwenye bati, na kila mvua ikinyesha karani husogeza meza. Kila mtu alilicheka lile tundu, na kila mtu alijua kwamba upande wa chini kidogo kulikuwa na vichwa vya watu.

"Nikinyamaza ninawauza," alisema Mwanaidi. "Nikisema ninawapa watoto bunduki."

"Basi usiseme nusu." Bibi Kalunde alivunja kijiti cha mti na kuanza kuchokonoa meno. "Ukisema ugonjwa, uje na dawa."

"Dawa anayo Mgogo mmoja, na kagoma kuitoa."

"Mgogo?" Kwa mara ya kwanza siku ile, macho ya mjane yaling'aa kabisa. "Mgogo gani huyo anayetunyima kitu msibani kwetu?"

* * *

"Bebeni!" alipiga kelele Mwanaidi. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwetu, nyie kasefu tu mnahema kama mbuzi wa kafara?"

"Babu zetu walifika huko wakawakuta nyie mnacheza ngoma!" alijibu Shija, jasho likimtiririka, maana yeye na wenzake watatu ndio walioikumbatia sefu. "Wamerudi, wakaenda tena, wakawakuta mko kwenye ngoma ileile!"

"Ilikuwa tamu!"

Sefu ikatuliwa katikati ya uwanja, juani. Mwanaidi akairukia, akaikalia, akakunja nne.

"Nimeiteka," alitangaza. "Matanga hayaanuliwi mpaka mnikomboe."

Hili lilikuwa la kawaida. Mtani hushika jeneza, hushika mlango, hushika sufuria la wali, na hatoi mpaka apewe chake. Watu wakaanza kumpandishia: kuku, kuku na jogoo, dumu la asali. Yeye akawa anatikisa kichwa tu.

"Hamjajua ninachotaka. Nisikilizeni." Akaishusha kofia ya Misigalo usoni, na sauti ya Misigalo ikatoka chini yake. "Huko nilikokwenda nimepita mjini. Nimekuta kijana kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anaangalia ndani ya sefu zenu. Anajua yangu ina chupa mbili za asali na kitambaa chekundu. Ana namba moja, inafungua zenu zote."

Vicheko vikapungua, lakini havikuisha.

"Ulichungulia kabla haijafungwa!" mtu alidakia kutoka jikoni.

"Mzaramo leo kanywa nini?"

Kwenye kiti cha mbele, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nkumba, alikuwa anacheka midomo imebana. Mwanaidi alimwona. Neno moja tu, *meno*, na kijiji kizima kingeamini hapohapo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tamu kama embe la kuiba. Lakini habari ya kilichomo kwenye sefu ya Nkumba hakuipata kwa Nkumba. Akilitoa, atakuwa na tofauti gani na yule wa kiti cha kuzunguka?

Akalimeza. Badala yake akageuka, akapiga kiganja juu ya sefu, *pa! pa! pa!*

"Ndahani! Ndahani wa Mpwapwa! Najua unasikia!"

Taa ya kijani ilikuwa inapepesa, basi.

"Jamani," alisema shangazi mmoja kwa huruma, "huzuni imempanda kichwani."

"Mgogo, nasema na wewe!" Mwanaidi aliendelea. "Umekaa kwenye msiba wa watu toka asubuhi, hujaleta hata kisonzo cha unga! Wanyamwezi, mnawajua hawa? Si ndio babu zao walikaa njiani kule Ugogo, kila msafara wenu ukipita wanautoza hongo? Maji, hongo! Kivuli, hongo!"

"Ndio wao!" waliitikia wazee, waliokunwa pale hasa walipowashwa.

"Leo kapita yeye kwenye njia yetu, kimyakimya, anadhani hatumwoni! Mgogo gani muoga hivi? Halafu mlenda wao wenyewe, mlenda gani ule, hauna chumvi, hauna..."

Sefu ilisafisha koo.

"Dada Mwanaidi," ilisema, kwa sauti ya kijana ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia. "Mlenda usiuingize humu."

Mfuniko wa sufuria ulidondoka ukazunguka chini, *wanga-wanga-wanga*, mpaka ukalala. Hakuna aliyesogea kuuokota.

Shija ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mle ndani kuna mtu?"

"Hamna mtu, mzee wangu. Niko mbali. Poleni na msiba."

"Na kwenye yangu pia unaweza kuongea hivi?"

"Zote ni toleo moja, mzee wangu," alisema Thadei kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Wanaume wakasimama, wanawake wakasimama, kila mtu anakumbuka alichowahi kusema mbele ya sefu yake, na kila mtu anajuta. "Naenda kuitoa yangu sasa hivi!" alisema Shija. "Bora ilale uvunguni, uvungu hauna masikio!" Wawili watatu wakaanza kweli kuondoka.

"Shija!" Bibi Kalunde alisimama mkekani. Mjane hatakiwi kupaza sauti siku hiyo, kwa hiyo alipoipaza wote waligeuka. "Mvua ikinyesha, karani anakaa wapi?"

Shija akasimama.

"Nakuuliza, karani anasogezea meza wapi?"

"Pembeni," alisema Shija, akitazama vidole vya miguu yake.

"Basi kaa chini. Mke mwenzangu hajamaliza."

Mwanaidi akainama, mdomo karibu na sefu, lakini akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndahani, umeingia msibani kwa watani zako, na sasa umejulikana. Desturi unaijua. Huondoki bure."

"Dada, watanifukuza kazi."

"Tunakutoza hongo ya njia. Hatutaki kuku wako. Tunataka jibu: namba ya kiwandani inafutika?"

Upepo ulipita kwenye mizinga. Kule mjini, kijana mmoja alivuta pumzi, na uwanja mzima ulimsikia anavyoivuta.

"Niulize hivi," alisema taratibu. "Uliza kama ni haki ya mteja."

"Ni haki ya mteja?"

"Ni haki ya mteja. Iko kwenye masharti, chini kabisa, kwenye maandishi ya kichwa cha sindano. Mwenye sefu akiomba mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, namba inafutwa na jicho linazimwa. Haturuhusiwi kuitangaza. Ila mteja akiniuliza, siruhusiwi kumdanganya." Akaguna. "Na sijatangaza. Nimetozwa."

Wazee wakaangua kicheko wakajipiga mapajani. Mgogo kalipa!

"Lakini sikilizeni," sauti ya Thadei ilipanda. "Mkifuta, mjue mmefuta. Siku mwenye sefu akifa, mimi sina tena cha kumsaidia mjane wake. Mtaikata kwa moto. Kuna nafasi moja tu: sefu inakubali kiganja cha pili. Chagueni vizuri wa kumpa."

Hapo minong'ono ikabadilika sura. Kiganja cha nani? Mtoto wa kwanza? Wa pili atasemaje? Ndugu? Ndugu yupi, yule wa kesi ya shamba? Mke mmoja aliangalia mume, mume akaangalia mawingu. Nyumba kadhaa zilikuwa zinaelekea kugombana palepale juu ya mkeka wa mtu mwingine.

"Mtani," alisema Mwenyekiti Nkumba, bila kufungua sana mdomo.

Wakamgeukia.

"Mtani harithi kitu kwako. Ukimkasirikia anacheka. Ukifa, lazima aje, hata kama ni kwa kukutukana." Alinyanyua mabega. "Na hawezi kufungua kimyakimya. Mmewahi kumwona mtani akifanya jambo kimyakimya?"

Basi wakapanga mstari. Ulikuwa mstari wa ajabu kuliko yote iliyowahi kupangwa Isangalala: watu wazima wanasogea mmoja mmoja kwenye sefu ya marehemu, wanainama, wanasema jina lao na neno moja, "Futa." Thadei anajibu, "Imefutwa, mzee wangu. Jicho limezimwa." Anayefuata. Na nyuma ya kila mmoja, mtani wake aliyemchagua anamsukuma mgongoni na kumwambia afanye haraka, kaburi linamsubiri. Mwanaidi alichaguliwa na wengi mpaka akalalamika kwamba atakuwa anaamshwa kila siku kufungulia maiti milango. Waliobaki waligawana Wagogo wa kijijini na Msukuma mmoja mwenye duka la mbegu.

Nkumba alikuja mwisho kabisa. Aliinama kuliko wote, akaziba mdomo kwa mkono, akanong'ona kwa muda mrefu.

"Imefutwa, Mwenyekiti," ilisema sefu. "Na mimi kule ndani sijawahi kuona kitu."

Nkumba alinyooka, akamtazama Mwanaidi. Alielewa kwamba alijua, na kwamba alikuwa nalo mdomoni muda wote ule. Hakusema asante. Alimpa mkono tu, na mtani wa kweli hupewa mkono mara chache.

* * *

Ilibaki moja. Misigalo hakuwa na sauti ya kuomba, kwa hiyo kwake namba ya kiwandani ilikuwa bado inafanya kazi, kwake tu.

Mwanaidi alishuka juu ya sefu. Kichwani mwake mlikuwa na siri iliyokuwa na uzito wa kijiji kizima asubuhi ile, na sasa ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Akaitangaza kwa sauti kama mtu anayenadi vitenge: "Saba! Nne! Nne! Sifuri! Tisa! Mbili!"

Na kwa sababu ni Isangalala, wakaigeuza wimbo. Mama wa ungo alianzisha, jikoni wakapokea, mtu akapiga debe. *Saba nne nne, sifuri tisa mbili!* Walicheza namba ya siri ya kiwandani wakizunguka uwanja, na Mwanaidi akawa anabonyeza kwa mdundo, makalio yakijibu debe, mpaka tarakimu ya mwisho ilipoingia na komeo la pili likaachia. *Tak*.

Mlango ukafunguka. Bunduki ilikuwepo, imesimama. Chupa mbili za asali. Kitambaa chekundu, kimekunjwa vizuri.

"We Mzaramo," ilisema sauti ya kukwaruza, na safari hii haikuwa ya Mwanaidi.

Debe likanyamaza.

"Najua ni wewe. Vua viatu vyangu, utavipinda."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa kunguru kwenye miti. Mwanaidi alikaa chini pale alipokuwa, akashika tumbo, machozi yanamtoka, akavivua viatu kimoja kimoja na kuvipanga mbele ya sefu kama mtoto aliyekamatwa.

"Chupa moja yako, moja ya mke wangu. Msigombane," iliendelea sauti. "Haya, ondokeni. Yaliyobaki ni ya Kalunde."

Sefu ikasita, inangoja, jinsi Misigalo mwenyewe alivyokuwa anangoja watu watoke chumbani.

Polisi wa kata, aliyekuwa amekula wali wake kimya muda wote, alikuja akaichukua bunduki kwa mikono miwili na kurudi nyuma bila kuambiwa. Mwanaidi akainama kwenye bawaba.

"Ndahani. Na wewe."

"Nimeshatoka, dada. Mbele ya Mungu."

"Mbele ya Mungu, eeh?" Akabandua donge la nta kwenye mzinga uliokuwa karibu, akalikanda kwa vidole mpaka likalainika, akalipachika juu ya jicho. Donge jingine akalipachika kwenye sikio, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likajaa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mbali ya Mgogo anayecheka, kisha haikusikika tena.

Wale wanne wakairudisha sefu chumbani, safari hii bila matusi. Bibi Kalunde aliingia nyuma yake, akafunga mlango.

Isangalala ni kijiji chenye sifa ya umbea mpaka wilayani. Kuna watu pale wanaojua mimba kabla ya mwenye mimba. Lakini mlango ule ulipofungwa, kijiji kizima kiligeukia upande wa jikoni na kuanza kuzungumza kwa sauti ya juu, juu ya bei ya tumbaku, juu ya mvua, juu ya lolote, ili hata anayetaka kusikia asiweze.

Bibi Kalunde alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, kile kitambaa chekundu alikuwa amekifunga kwenye kifundo cha mkono, na macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anatabasamu kama msichana aliyeitwa jina lake njiani.

"Haya," alisema. "Anueni matanga. Ameondoka."

Mwanaidi, pekupeku, chupa ya asali kwapani, alimsogelea. "Kasema nini?"

"Muulize Mgogo."

"Mgogo nimemziba na nta."

"Basi pole, mke mwenzangu," alisema Bibi Kalunde, akamvua kofia ya marehemu kichwani, akaivaa mwenyewe.